Namba ya toleo: Fahamu kitambulisho cha programu ya kompyuta na jinsi kinavyowekwa

Na Mwandishi Wetu

MAMLAKA ya dawa inapoagiza dawa fulani iondolewe sokoni, haitaji jina la dawa pekee. Hutaja pia namba ya bechi, ili mwenye duka la dawa na mgonjwa aliye nyumbani wajue ni paketi ipi irudishwe na ipi iendelee kutumika. Pasipo namba hiyo zingebaki njia mbili tu: kutupa dawa zote, au kuendelea kuzimeza kwa kubahatisha.

Programu za kompyuta nazo zina namba inayofanya kazi hiyo. Inaitwa namba ya toleo, na huonekana kama 2.0, 5.6.1 au 1.0.1g. Mtumiaji wa kawaida huiona kwa nadra, pengine anapofungua sehemu ya maelezo kuhusu programu, kisha huisahau. Kwa fundi anayesimamia seva ya benki, hospitali au chuo kikuu, namba hiyo ndiyo jibu la swali ambalo huulizwa usiku wa manane mambo yanapoharibika: hiki kinachofanya kazi hapa ni kitu gani hasa?

Namba hiyo haijitokezi yenyewe. Ni lazima mtu aiweke ndani ya programu, na namna anavyoiweka ndiyo huamua kama itasema kweli au itapotosha. Makala haya yanaeleza namba hiyo inavyosomwa, inavyoingizwa katika programu inayoundwa kutokana na msimbo chanzo, na hasara iliyowahi kutokea pale ambapo utambulisho wa programu ulipuuzwa.

Kutoka msimbo chanzo hadi programu

Programu huanza kama maandishi. Mtunzi huandika maagizo kwa lugha maalumu kama vile C, Go au Rust, na maandishi hayo ndiyo huitwa msimbo chanzo. Mtu aliyesomea kazi hiyo anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, lakini kompyuta haiwezi kuyatekeleza yalivyo. Hupitishwa kwanza katika programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo huyageuza kuwa faili la lugha ya mashine. Faili hilo ndilo husambazwa na kutumiwa.

Tatizo huanzia hapo. Msimbo chanzo hubadilika kila siku, wakati mwingine mara nyingi kwa siku moja. Kila unapopitishwa katika kompaila hutoka faili lenye jina lilelile. Mafaili mawili yanaweza kufanana jina na hata kukaribiana ukubwa, ilhali moja lina hitilafu na jingine limerekebishwa. Tarehe ya faili nayo si ushahidi wa kutegemewa, kwa kuwa inaweza kubadilika faili linaponakiliwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine.

Kompaila yenyewe haina habari ya toleo. Isipoambiwa na mtunzi, hutoa faili lisilo na kitambulisho chochote kinachoweza kusomwa na binadamu. Kwa sababu hiyo, kuweka namba ya toleo ni hatua ya makusudi katika kazi ya kuunda programu.

Namba inavyosomwa

Mpangilio unaotumika zaidi una namba tatu zinazotenganishwa kwa nukta. Mwongozo unaojulikana kwa jina la Semantic Versioning, ulioandikwa na Mmarekani Tom Preston-Werner na ambao toleo lake la 2.0.0 lilitoka mwaka 2013, unatoa maana kwa kila nafasi.

Namba ya kwanza hupanda pale mabadiliko yanapovunja utaratibu wa zamani, kiasi kwamba programu nyingine zinazoitegemea hulazimika kurekebishwa. Namba ya pili hupanda pale panapoongezwa uwezo mpya bila kuvunja ule wa zamani. Namba ya tatu hupanda pale hitilafu zinaporekebishwa tu. Kwa hiyo anayehama kutoka 1.4.2 kwenda 1.4.3 hatarajii usumbufu, bali anayehama kutoka 1.4.3 kwenda 2.0.0 anapaswa kusoma maelezo kwanza. Namba inayoanza na sifuri, kama 0.3.1, ni tangazo kwamba kazi bado iko katika hatua za awali na lolote linaweza kubadilika.

Kosa la kawaida ni kuzisoma namba hizi kama desimali. Toleo 1.10 ni jipya kuliko 1.9, kwa sababu kila sehemu ni namba kamili inayojitegemea. Namba hizi zinafanana zaidi na sura na aya za kitabu kitakatifu: aya ya 10 hufuata aya ya 9, na hakuna anayeisoma kuwa ndogo kuliko hiyo.

Kosa hilo limewahi kuvisumbua hata vivinjari vya intaneti. Mwaka 2009, kivinjari cha Opera kilipofika toleo la 10, tovuti nyingi zilikuwa zikisoma tarakimu ya kwanza pekee na hivyo zilikiona kama toleo la 1. Watengenezaji walilazimika kukifanya kijitambulishe kwa tovuti kuwa ni 9.80, na namba halisi wakaiweka mwishoni mwa utambulisho huo. Wasiwasi wa aina hiyo ulijitokeza tena mwaka 2022, wakati Chrome na Firefox vilipofika toleo la 100, lenye tarakimu tatu.

Njia za kuiweka namba

Njia ya zamani na nyepesi ni kuiandika namba kwa mkono ndani ya msimbo chanzo. Mtunzi huweka mstari mmoja unaotaja toleo, na programu huuonyesha ikiulizwa. Udhaifu wake ni kwamba mwanadamu husahau. Hitilafu hurekebishwa, programu ikaundwa upya, na namba ikabaki ileile ya zamani. Hali huwa mbaya zaidi namba inapoandikwa mahali pengi: katika msimbo, katika mwongozo wa matumizi na katika faili la kusakinishia. Baada ya muda, sehemu hizo huanza kupingana.

Njia ya pili ni kuiweka namba mahali pamoja na kuiacha mitambo iisambaze. Mfano mzuri ni kiini cha mfumo wa Linux. Faili lake kuu la maagizo ya kuunda, linalosomwa na programu iitwayo make iliyotungwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1976, linaanza kwa mistari michache inayotaja namba kuu, namba ndogo na namba ya marekebisho. Kazi ya kuunda inapoanza, mitambo husoma mistari hiyo na kutengeneza faili dogo ambalo sehemu nyingine zote hulisoma. Mtumiaji anapoandika amri ya uname -r kwenye kompyuta ya Linux, jibu analolipata limetokana na mistari hiyo.

Njia inayofanana na hiyo ni kuikabidhi namba kwa kompaila wakati wa kuunda. Kompaila nyingi za lugha ya C hupokea maelezo ya ziada kwenye amri, na mtunzi anaweza kuitumia nafasi hiyo kupitisha neno na thamani yake, kwa mfano neno TOLEO lenye thamani 1.4.2. Popote neno hilo linapotokea ndani ya msimbo, kompaila huweka thamani iliyopewa. Lugha ya Go ina utaratibu wa kuijaza thamani hiyo katika hatua ya mwisho ya kuunganisha faili, na katika Rust namba huandikwa mara moja ndani ya faili la maelezo ya mradi, kisha programu huisoma kutoka huko.

Njia ya tatu ni kuichukua namba kutoka katika hifadhi inayotunza historia ya msimbo. Wazo hilo si geni. Mwaka 1972, Marc Rochkind wa maabara ya Bell alitengeneza mfumo ulioitwa SCCS, uliokuwa na alama maalumu iliyoingia hadi ndani ya faili la mashine. Amri moja ndogo iliweza kuitafuta alama hiyo na kueleza faili limetokana na matoleo gani ya msimbo. Miaka kumi baadaye Walter Tichy alileta mfumo wa RCS uliofanya kazi inayofanana.

Siku hizi hifadhi inayotumika zaidi ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005. Humo, kila badiliko linalosajiliwa hupewa kitambulisho kirefu kinachokokotolewa kutokana na maudhui yake. Mtunzi anapotoa toleo rasmi hulibandika lebo, kwa mfano v1.4.2. Baada ya hapo, amri ya git describe huweza kutoa jibu kama v1.4.2-14-g3f9c1ab. Maana yake ni kwamba msimbo huu umepita toleo la 1.4.2 kwa mabadiliko 14, na badiliko la mwisho linatambulishwa na herufi na tarakimu zinazofuata baada ya g. Ikiwa fundi amegusa msimbo bila kusajili alichokibadilisha, amri hiyo inaweza kuagizwa iongeze neno dirty mwishoni, yaani msimbo huu si safi.

Jibu hilo likiingizwa ndani ya programu wakati wa kuunda, kila faili hubeba ushahidi wa asili yake. Hakuna anayelazimika kukumbuka kupandisha namba, na hakuna anayeweza kusahau. Tangu toleo la 1.18 la mwezi Machi 2022, lugha ya Go hufanya jambo hili yenyewe kwa kuweka ndani ya programu kitambulisho cha badiliko la mwisho katika hifadhi, pamoja na taarifa iwapo kulikuwa na marekebisho yasiyosajiliwa.

Tarehe ndani ya programu

Watunzi wengine hupenda kuongeza tarehe na saa ya kuundwa. Lugha ya C ina maneno maalumu yanayofanya hivyo. Faida yake ni dhahiri, lakini nayo ina gharama. Watu wawili wakiunda programu ileile kutoka msimbo uleule kwa dakika tofauti, mafaili yao hayatalingana, na hivyo hawataweza kuthibitisha kwamba hakuna aliyepenyeza kitu njiani.

Kuanzia mwaka 2013, watu wa mradi wa Debian wamekuwa wakiongoza juhudi za kuhakikisha kwamba msimbo uleule hutoa faili lilelile, herufi kwa herufi, bila kujali nani ameuunda na lini. Moja ya suluhisho lililopatikana ni kutumia tarehe ya badiliko la mwisho la msimbo badala ya saa ya ukutani. Kwa njia hiyo tarehe hubaki, na ulinganifu haupotei.

Hasara ya dakika 45

Hatari ya kutojua ni toleo gani linalofanya kazi ilionekana waziwazi jijini New York tarehe 1 Agosti 2012. Kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ilikuwa imesambaza msimbo mpya kwenye seva zake kabla ya siku hiyo. Kwa mujibu wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, msimbo huo ulitakiwa kuingia katika seva nane, lakini fundi hakuunakili kwenye seva moja. Hakuna aliyehakiki.

Soko lilipofunguliwa asubuhi, seva saba zilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Seva ya nane, yenye msimbo wa zamani, ilipokea maagizo mapya na kuyatafsiri kwa maana ya kale, ikaanza kununua na kuuza hisa bila kukoma. Katika juhudi za kurekebisha, mafundi waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sahihi, na tatizo likaongezeka. Katika muda wa dakika 45, zaidi ya hisa milioni 397 zilikuwa zimebadilishana mikono. Kampuni ilipata hasara inayozidi dola za Marekani milioni 460, na mwaka uliofuata ikaungana na kampuni nyingine.

Namba ya toleo peke yake isingeizuia hitilafu hiyo. Hata hivyo, kama kila seva ingeulizwa namba yake kabla ya soko kufunguliwa na majibu nane yakalinganishwa, tofauti ingeonekana.

Namba na usalama

Matumizi makubwa ya namba ya toleo siku hizi ni katika ulinzi. Kasoro ya usalama inapogunduliwa, tangazo hutolewa likitaja matoleo yaliyoathirika. Mwezi Desemba 2021, dunia ilipotaharuki kwa kasoro ya Log4j, programu ndogo iliyomo ndani ya maelfu ya programu za Java, swali la kwanza kwa kila ofisi lilikuwa: tunatumia toleo gani? Matoleo ya mfululizo wa 2 hadi 2.14.1 yalikuwa hatarini. Ofisi nyingi zilitumia siku kadhaa kulitafuta jibu.

Mwezi Machi 2024 ilifuata habari ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Mhandisi Andres Freund alishangazwa na ucheleweshaji mdogo wa kuingia kwenye kompyuta yake, akafuatilia, akagundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. Sehemu muhimu ya hila hiyo haikuwamo katika hifadhi ya Git iliyo wazi kwa wote, bali katika furushi la msimbo lililotolewa kwa ajili ya kuundia programu. Funzo lake ni kwamba namba huonyesha jina la toleo, lakini haithibitishi kwamba kilichomo ndani ndicho kilichosajiliwa.

Debian ilipotaka kurudi nyuma, ilikumbana na kikwazo cha namba. Mfumo wa kusasisha programu huenda mbele tu, haurudi kwenye namba ndogo wenyewe. Kwa hiyo toleo la zamani lililo salama lilipewa namba 5.6.1+really5.4.5-1, yaani linajiita 5.6.1 ili likubaliwe, ilhali kwa hakika ni 5.4.5.

Upo pia mtego wa namba isiyopanda. Kasoro ya Heartbleed ya mwezi Aprili 2014 iliathiri programu ya usimbaji ya OpenSSL kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f, ikarekebishwa katika 1.0.1g. Debian haikuwapa watumiaji wake 1.0.1g. Ilichukua kiraka hicho na kukishonea kwenye 1.0.1e, ikaandika 1.0.1e-2+deb7u5. Aliyesoma sehemu ya mwanzo tu alidhani yuko hatarini, ingawa alikuwa salama. Namba lazima isomwe yote.

Namba si kipimo cha ubora

Wateja wengi huamini kwamba namba kubwa ni programu bora. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Linux ilipotoka 2.6.39 kwenda 3.0 mwezi Julai 2011, Torvalds mwenyewe alieleza kwamba hakukuwa na badiliko kubwa la pekee, bali namba zilikuwa zimerefuka na mradi ulikuwa unatimiza miaka 20. Windows 7 ndani yake ilijitambulisha kama 6.1, na Windows 11 hujitambulisha kama 10.0.

Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichagua njia yake. Programu yake ya kupangia maandishi, TeX, huongezewa tarakimu moja ya pai kila inaporekebishwa. Toleo la mwaka 2021 ni 3.141592653. Ameagiza kwamba atakapofariki, namba ya mwisho iwe pai yenyewe, na hitilafu zitakazobaki zihesabiwe kuwa sehemu ya programu.

Namba nazo hufika kikomo. Kiini cha Linux kilitenga nafasi ya tarakimu za mashine nane kwa namba ya tatu, kwa hiyo haikuweza kuzidi 255. Mwezi Februari 2021, matoleo ya muda mrefu 4.4 na 4.9 yalifika 256, na watunzaji walilazimika kutafuta namna ya kuzuia programu nyingine zisichanganyikiwe.

Afrika Mashariki

Suala hili halipo mbali nasi. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, hutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mwaka 2004 kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Zote hizi ni programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi na fundi yeyote anaweza kuurekebisha na kuunda nakala yake.

Uhuru huo una wajibu. Fundi akibadilisha msimbo kwa mahitaji ya hospitali au wilaya yake na kuacha namba ileile ya asili, atakayemrithi ataamini ana toleo la kawaida. Atasakinisha jipya juu yake na marekebisho yote yatapotea. Kuongeza maneno machache mwishoni mwa namba, kama 1.4.2-wilaya.1, huondoa utata huo.

Mambo ya kuzingatia

Kwa ofisi inayounda au kuagiza programu, yapo mambo yanayopaswa kudaiwa. Namba iandikwe mahali pamoja tu, sehemu nyingine ziisome kutoka hapo. Toleo linalokwenda kwa watumiaji libandikwe lebo katika hifadhi ya msimbo, na kitambulisho cha badiliko la mwisho kiingizwe ndani ya faili. Programu iweze kuitaja namba yake inapoulizwa, na iiandike katika kumbukumbu zake kila inapowashwa. Toleo lililokwisha kutolewa lisibadilishwe kimyakimya. Kosa likigundulika, hata dogo, itolewe namba mpya.

Aidha, mkataba wa kununua programu utaje namba ya toleo linalokabidhiwa, na anayepokea aisome kwenye mashine yenyewe, asitosheke na iliyoandikwa kwenye karatasi. Ofisi iliyo na orodha ya programu zake pamoja na namba za matoleo itajua ndani ya dakika chache kama tangazo jipya la hatari linaihusu. Isiyo nayo italazimika kupekua kompyuta moja baada ya nyingine, huku wavamizi nao wakifanya upekuzi huohuo.